Uzito wa Maji

Nimepima dagaa Mwaloni miaka kumi na mmoja.
Nalijua gunia lililonyunyiziwa maji alfajiri
ili mzani udanganyike
na mnunuzi wa Kongo alipie ziwa kwa bei ya samaki.
Natia mkono ndani, nauacha kidogo.
Kidole huniambia kabla ya jiwe la mzani.

Kulwa na Doto niliwanyonyesha pamoja,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
wakipigana mateke juu ya tumbo langu.
Shija aliyewafuata
anashika ziwa, anavuta mara nne,
anaachia. Anahema.
Jasho limemjaa kwenye paji la uso
kama kuli aliyepandisha gunia kilima cha Bugando.
Kunyonya kwake ni kibarua,
na kibarua chenyewe hakimlipi.

"Moyo unashindwa," alisema daktari,
nami nikaanza kumtafutia mwanangu sanda kichwani.
Nesi Bertila akanivuta benchi la nje,
akageuza kadi ya kliniki, akachora nyumba ya vyumba vinne,
ukuta wa katikati una tundu.
"Damu ya kwenda mwilini inapenya hapa,
inarudi mapafuni ilikotoka. Mapafu yanalowa.
Kushindwa si kufa, mama Kulwa.
Moyo wake umeelemewa. Tumpunguzie mzigo."

Saa kumi na mbili, dawa ya kukojoza.
Kidonge kingine nakiponda, nakikoroga,
navuta kwa bomba lisilo na sindano
mpaka mstari wa tatu. Sio wa nne.
Mkono huu uliozoea kuongeza kiganja cha nyongeza
nimeufundisha kuishia kwenye mstari.
Maziwa kidogo, kila baada ya saa mbili,
kichwa juu ya mto wa khanga zilizokunjwa.
Akichoka, yanapita kwenye mpira wa puani,
tone, tone.

Mama mkwe amekuja na mizizi kutoka Magu.
Nimeitundika msumarini.
Sijaitupa. Sijampa.
Lugembe anapiga simu kutoka Goziba,
mtandao unakatika: "Anakula?"
"Anakula," nasema.
Mpira nauacha upande wangu wa simu.

Halafu wiki ile Nyanjige wa jirani akamnyanyua:
"Jamani, Shija kanenepa! Tazameni mashavu!"
Wanawake wakapiga vigelegele hadi mlango wa choo.
Mimi nikaushika mguu wake,
nikabonyeza kwa kidole gumba.
Shimo likabaki.
Nikasubiri. Likabaki.
Gunia limenyunyiziwa.

Bodaboda, saa tano usiku, mvua ya mawe.
Siku tatu wodini, dawa kwenye mshipa,
nepi moja baada ya nyingine, zote nzito,
nami nazinyanyua kwa shukrani kama mtu aliyelipwa deni.
Asubuhi ya nne nesi akamweka kwenye mzani:
gramu mia tatu zimepungua.
Mimi, niliyekula maisha yangu yote kwa kuongeza gramu,
nikashangilia mzani ukishuka
mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza kama nina akili.

Wanataka kilo tano ndipo wampeleke kuzibwa tundu.
Kilo tano za nyama, kavu, zisizo na hila.
Leo ana tatu na gramu mia tisa.

Kwa hiyo usiku naweka tochi ya simu ukutani,
namfunua kifua, natazama mbavu zinavyovutwa ndani,
nahesabu dakika nzima, midomo yangu imefungwa.
Sitini na nne.
Naandika kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma, pasipo na jina la mtu.
Jana ilikuwa sabini.

Saa tisa. Nakamua ziwa kikombeni.
Ziwa lile jingine, kule chini,
linajipiga kwenye mawe yake.
Silisikilizi.
Nasubiri apumzike,
kisha nijaribu tena, mara nne,
labda tano.