Daftari la Wodi ya Wanawake

Lilikuwa daftari la mizani, la chama cha msingi,
mume wangu alilileta msimu ulipofungwa:
upande mmoja kilo za korosho na majina ya wakulima,
upande wa pili mweupe. Humo ndimo nilimoanzia.

Daktari Yamilé alifika Newala mwezi wa vumbi
na sanduku lenye gurudumu moja zima.
Kiswahili hana. Kimakonde ndiyo kabisa.
Kiingereza chake na changu
vilikutana kama wageni wawili kwenye mlango mwembamba:
pita wewe, hapana, pita wewe.

Nikachora safu tatu.
Ya kwanza Kiingereza nilichokariri kidato cha pili,
maneno ya kila siku, yasiyovaa viatu:
maji, mkate, kitanda, kesho.
Ya pili Kihispania, nikikiandika kwa masikio.
Agwa. Pan. Chumvi ni sal,
nikamwambia huku kwetu tunaisali.

Kesho, akasema, ni manyana.
Na asubuhi?
Manyana vilevile.
Nikaiweka kalamu chini. Watu gani hawa
ambao kesho yao imekwisha kucha?

Na kusubiri? Esperar.
Na kutumaini? Akarudia lilelile.
Nikatazama benchi la nje, waliotoka Kitangari
na Mahuta tangu alfajiri, kadi mikononi,
nikaona kumbe ni sisi
tuliolipasua neno hilo vipande viwili.

Mara nyingine yalitutega.
Nampa mgonjwa kidonge, "Meza, mama, meza,"
daktari anasogeza meza.
Nasema "kama ana homa," anageukia kitanda.
Mpishi akatangaza leo kuna papa,
akafurahi: viazi!
Alikula kimya, kisha akaniuliza
viazi vya Mtwara vinavuliwa wapi.

Pesa, kwao, ni "ina uzito."
Hilo sikulitafsiri. Niligeuza daftari
nikamwonyesha: Chilumba, kilo arobaini na mbili.
Pesa, akasoma.
Pesa, nikasema.
Siku hiyo Kiingereza kilibaki nje.

Bibo halikupata mwenzake katika safu ya kwanza.
Kiingereza kinaliita tufaha la korosho,
na mimi tufaha sijawahi kulionja.
Nikamletea lenyewe, jekundu, lina umande.
Akalinusa. Akatulia kama aliyeitwa na mtu chumba cha pili.
Maranyon, akasema, akaliuma,
na doa lile halikutoka kwenye koti lake
hata kwa ndimu.

Kisha usiku ule.
Bi Asumini Chikoyo ameshika chuma cha kitanda.
Naumwa, anasema. Naumwa sana.
Mimi nilikuwa nyuma, nachemsha maji.
Na kwao, sijui nani alilitupa neno hili baharini
likaelea pande zote mbili,
kwao sana ni mzima, mwenye siha.
Neno la kwanza alilolitambua bila mimi.
Niliporudi anatabasamu, mkono begani kwa mgonjwa:
sana, ndiyo, sana.
Bi Asumini akamtazama
kama mtu anayekubaliwa kufa kwake.

Kiingereza chote kilinitoroka,
kidato cha pili chote, na mwalimu wake.
Nikapiga tumbo langu mwenyewe. Dolor, nikasema.
Dolor, dolor, dolor.
Tabasamu likadondoka. Tukasukuma kitanda mbio,
na jenereta, kwa mara moja, ikakubali.

Ukungu bado umejaa bondeni hadi Ruvuma
alipotoka akaketi ngazini, akaomba kalamu.
Mbele ya sana hakuandika maana.
Alichora mshale unaokwenda,
na chini yake mwingine unaorudi.

Ndani Bi Asumini akaita, sauti kama karatasi: medi.
Maji, kwa Kimakonde.
Safu ya nne sikuwa nimeichora.

Daktari alikuwa amekwisha kusimama.
Bado hanywi, akaonyesha kwa mikono. Manyana.
Sikumuuliza ipi.