Tangi la Moshi

Fremu niliinunua kwa kilo, pale Gofu,
kwa Shekue wa vyuma chakavu:
kilo kumi na nane na nusu, pamoja na kutu.
"Ya nini?" akauliza. Nikamwambia pikipiki.
Akayatazama yale mabomba yaliyopinda,
akanirudishia mia tano.
"Sadaka," akasema.

Kutu ya Tanga haina haraka na mtu.
Nilikwangua miezi miwili, msasa namba themanini,
kisha mia na ishirini, kisha kucha.
Chini ya rangi ya tatu, karibu na shingo,
mtu alikuwa ameandika kwa msumari:
Z. MHINA 1971.
Hapo sikupaka rangi. Nilipitisha vanishi tu.

Vingine vilikuja kama watu wa msibani,
mmoja mmoja, kila mtu na njia yake:
taa ya mbele, ya trekta la shamba la mkonge;
rimu ya nyuma, kutoka Korogwe, juu ya paa la basi;
kabureta ya kijana wa bodaboda aliyehamia bajaji;
na tangi, jekundu, lenye bonyeo ubavuni,
kutoka Moshi, ndani ya gunia la vitunguu.
Gasketi nilikata kwenye jalada la daftari
la mwanangu, la hesabu, darasa la sita.
Pistoni alichonga Sechonge, zamani wa karakana ya reli,
ambaye hukigonga chuma na kukisikiliza kwanza,
na hapokei pesa kabla hakijamjibu.

Mize, mke wangu, alihesabu kwa sauti:
mnyororo sebuleni, spoki chini ya kitanda,
plagi zimelowekwa petroli
kwenye sufuria ya maharage.
"Siku ukifa nitakuosha kwa dizeli."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jawa ina jambo lake:
mkono mmoja, kazi mbili.
Ukiusukuma ndani na kuusimamisha, ni kiki;
moto ukiwaka unaulaza, unakuwa gia.
Niliukanyaga Jumamosi tatu.
Ya nne ikakohoa, ikanyamaza,
ikakohoa tena, na barabara ya kumi na tano nzima
ikajaa moshi wa buluu, na watoto,
na jirani aliyetoka na kanga mdomoni
kuuliza kama tunafukiza mbu.

Nikaenda Pongwe kumtafuta Mhina.
Alishazikwa, wakaniambia, siku nyingi.
Akatoka binti yake, Mwantumu, naye bibi sasa,
mikono ina unga wa muhogo.
Akaizunguka mara moja, bila neno,
akasimama kwenye tangi,
akaweka kiganja ndani ya bonyeo.
"Hapa," akasema. "Hapa aliniketisha.
Tulianguka mtaroni, njia ya Muheza.
Hili ni goti langu."
Akaufuta unga, akapashika tena.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Kidole changu kilikuwa kwenye shingo ya fremu,
pale penye jina, nyuma ya waya wa klachi.
Jina lilikuwa la kweli.
Lakini yeye alikuwa ameshafika.
Nikakirudisha kidole mfukoni.

Njiani mnyororo ukaruka, karibu na kiwanda cha saruji.
Nikainama kwenye vumbi jeupe, nikaukaza:
spana kumi na nne, robo mzunguko, si zaidi.
Watu huniuliza, hii pikipiki ni ya nani hasa,
maana kadi ina lake na injini ina lake.
Nawajibu inavyonijia siku hiyo.

Juzi tangi limeanza kutoa jasho,
palepale kwenye bonyeo.
Sechonge anasema lije, alinyooshe, achomelee,
kazi ya asubuhi moja.
Nimemwambia nitaleta.
Nimepaziba kwa sabuni ya mche,
na kila Ijumaa, kabla ya kuoga,
nakwangua ile ya zamani, napaka nyingine.