Karafuu Mbichi

Karani wa mizani ni mimi, kituo cha Wete,
mwaka wa kumi na tisa huu nasoma uzito wa mali za watu.
Namjua aliyelinyunyizia gunia maji usiku,
namjua aliyechanganya makonyo.
Natia mkono, nafumbata, nasikiliza:
karafuu kavu hulia kama changarawe,
mbichi hunyamaza.

Lakini siku Nesi Zuwena alipon'ambia, "Panda, Bwana Khatibu,"
nilivua viatu, kofia, mkanda, saa,
nikatoa mfukoni funguo na tasbihi,
nikavuta pumzi nikaibana,
mimi, mkamata wezi wa ratili!
Mia na nne.
"Shusha pumzi," akasema.
Mia na nne ile ile.

Nikamwambia: harusi ya Salha wangu imebaki wiki tano,
na koti nililoolea nataka lifunge kifungo.
Nipe dawa, nipe mfungo, nipunguze kilo ishirini.
Akacheka kwa pua.
"Karafuu huanikwa siku ngapi?"
Jua likiwa kali, nne, tano. Wingu likikaa, hata wiki.
"Na anayezitia motoni zikauke usiku mmoja?"
Huyo namrudishia gunia lake,
zinanuka moshi, zimekunjamana.
Hakuongeza neno. Akaandika kwenye cheti:
nusu kilo kwa wiki. Pengine robo.

Robo! Robo kwangu ni vumbi la sakafuni,
ni kile kinachobaki kwenye ufagio.

Basi, vijiko vinne vya sukari vikawa viwili,
mkono ukienda wenyewe kwenye kopo, naurudisha.
Mke wangu Mize akaniwekea bamia, mchicha,
changu wa kuchoma, na wali wa kufunika kiganja,
kiganja chake, si changu.
Halua nikaiomba talaka; tukaachana kwa talaka rejea.
Na baada ya swala ya alfajiri, nashuka kilima cha bandarini.
Kushuka si kazi.
Kupanda, siku ya kwanza nilikaa chini mara tatu,
watoto wa chuoni wakanitolea salamu kama maiti.

Wiki ya kwanza, gramu mia sita. Nikatembea kama bwana harusi.
Ya pili, mia tatu.
Ya tatu kulikuwa na khitma kwa kina Mbwana,
na biriani ile, wallahi, ilikuwa na haki yake.
Nikapanda kilo nzima.
Siku mbili sikwenda kilimani. Nilimkasirikia Zuwena,
nikaukasirikia ule mzani wake wa spitali,
nikasema umeharibika,
maneno yale yale ninayotukaniwa mimi kila msimu.

Siku ya harusi nilikuwa mia na mbili na nusu.
Koti halikufunga. Kifungo na tundu lake
vilitazamana kama majirani waliogombana.
Nikaliacha wazi, nikaozesha,
na hakuna aliyekuja kulitazama koti.
Salha alikuwa analia, nami nalia.

Ningeweza kuacha hapo. Tarehe imeshapita,
sababu imeshakwenda kwa mumewe Kengeja.
Lakini asubuhi ya pili miguu ilishuka kilima bila kuniuliza,
na ilipopanda, nilikaa chini mara moja tu,
tena kwa kutaka, nione maji.

Sasa ni mwezi wa sita. Nyuma ya daftari la stakabadhi
nimepiga mistari, mengine yamepanda, mengi yameshuka.
Kiunoni mkanda umepata tundu jipya, nimelitoboa kwa msumari.
Magoti hayanipigii kelele usiku.
Themanini na tano nimeipanga msimu ujao,
na msimu ukichelewa, utachelewa.

Leo kabla hatujafungua mlango kwa wenye magunia,
nimepanda mzani wangu mwenyewe, na viatu vyangu,
na funguo zangu, na pumzi yangu nimeiachia.
Makame mchukuzi akasoma kwa sauti, kama anavyosomea gunia:
"Tisini na tatu na robo!"
Akanifinya mkono, akategea sikio.
"Kavu, karani?"

Bado, nikamwambia. Ndio kwanza naanikwa.