Mnyororo Ulipotoka

Nimezaliwa Malindi, na leo nimelipa mia tano
kuonyeshwa Malindi.
Baiskeli niliyopewa ni nyekundu, kiti kimefungwa mpira wa tairi,
kengele haina ulimi: ukiibonyeza, inakohoa.

Mwarandu katangulia. Fulana yake imeandikwa KIONGOZI mgongoni,
herufi ya mwisho imebanduka.
Nyuma yake sisi sita, kama vifaranga:
mume na mke wa Eldoret, waliooana Jumamosi,
mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake wawili,
na mimi, karani wa maji,
nizijuaye nyumba za mji huu kwa namba za mita.

Kwanza mnara wa Mreno. Tukauzunguka, tukapiga picha.
"Huu waliujenga wapita njia," akasema Mwarandu.
"Sasa twendeni kwa waliobaki."

Waliobaki wamelala kando ya msikiti.
Kaburi lina nguzo ndefu, jina halina;
nguzo imesimama tu, kama mtoto aliyetumwa dukani
akasahau katumwa nini.
Bi harusi akauliza: mwanamume au mwanamke?
Mwarandu akakuna kidevu. Hakudanganya. Nikampenda hapo.

Kisha vichochoro. Mpini unakwaruza chokaa kushoto,
unaomba radhi kulia.
Katika gofu lisilo na dari akatushusha, akatupa kamba:
"Pimeni upana."
Dhiraa sita. Chumba cha pili, dhiraa sita.
Cha tatu, mwalimu akacheka kabla hatujapima.
"Si kwamba tajiri alikosa kiwanja," akasema Mwarandu,
"boriti ya mkoko ndiyo iliyosema: mimi naishia hapa.
Mwenye nyumba akataka ukumbi,
mti ukampa ujia."

Nilikuwa bado natafuna maneno hayo
mnyororo ulipotoka.
Wenzangu wakakata kona. Kengele yangu ikakohoa, hawakusikia.

Nikainama mbele ya nyumba, nikainua macho:
4417.
Naijua. Nimeitia sahihi mwenyewe, mwezi wa Machi.

Lipu imebanduka hadi kiunoni mwa ukuta,
na ndani yake, tumbawe lenye vitundu vitundu,
mkate wa kumimina uliookwa na bahari.
Nikatia kidole. Kikatoka na unga mweupe.
Miaka thelathini napita hapa nikisoma kisanduku cha chuma
kisichozidi kiganja.

"Huo mnyororo una kiu," sauti ikasema mlangoni.
Bi Barke, leso begani, kijiko mkononi:
mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi karai,
bado na bizari yake.
Akanitilia tone kwa tone, kama anayemnywesha mgonjwa.
Mnyororo ukakaa.

"Ngoja, usishike mpini na mikono hiyo."
Akaingia. Mlango ukabaki wazi nikaona zidaka,
safu juu ya safu, zilizochongwa kwa ajili ya kaure.
Kimoja kina redio. Kimoja, dawa ya presha.
Na katika kile cha katikati, chenye nakshi kuliko vyote,
karatasi za rangi ya waridi, zimekunjwa vizuri, zimebanwa na jiwe.
Rangi ile naijua. Tunaichagua sisi.

Akarudi na kopo, akaninawisha.
Maji ya mtungi wa mkokoteni, shilingi thelathini.
Nikasema yanatosha. Akasema bado, kuna weusi kwenye kucha.

"Ukuta wako mzuri," nikasema; sikuwa na jingine.
"Mlevi huyo," akajibu. "Masika hunywa, kiangazi hutoka jasho.
Humu ndani, peke yake ndiye anywaye bure."

Hakuniuliza kazi yangu.
Nami sikumwambia.

Nikawakuta wenzangu penye madafu.
"Umeona nini huko?" akauliza Mwarandu.
"Mafuta," nikasema.

Jumatatu vidole bado vilinuka bizari.
Nikafungua daftari, 4417: jina, deni,
na neno moja, kwa mkono wangu: Imekatwa.
Nikatafuta pa kuongeza.
Safu ya maelezo ni nyembamba mno;
aliyeipima, nadhani,
alipimia mti mfupi.