Pancha Mbili

Eibar, mvua ya Novemba. Babu Koldobika
alianza na kerezo moja la mkopo
na sanduku la keekee,
kila moja imeviringishwa karatasi yenye grisi.

Mwaka wa mafuriko mto uliingia ghalani.
Bibi alizikausha jikoni, moja moja,
kama watoto waliotoka kuoga.
Supu ilinuka chuma hadi Pasaka.

Kuna siku aliuza keekee yenye ufa, bila kujua.
Usiku huohuo akapanda baiskeli hadi Ermua;
mnunuzi hata karatasi hajaifungua.

Leo funguo ninazo mimi.
Wateja huuliza: dhamana miaka mingapi?
Nawafungulia daftari, penye doa la tope:

Ermua. Keekee moja. Pesa imerudi.
Pancha mbili.