Ghorofa ya Tatu, Ilazo

Dalali Chedego anafungua mlango kama anafunua chungu:
"Vigae hivi, mama, unajiona uso."
Mimi napitiliza jikoni, nafungulia bomba,
naonja.
Chumvi.

Nkuhungu maji yalikuwa matamu, ila ya zamu,
Jumanne, usiku wa manane.
Kisasa tuliuliza bei, tukaaga.
Iyumbu upepo ulinipokonya kanga pale getini,
nikasema hapana,
sikusema kwa nini.

Lubeleje anahesabu: mkopo, riba, miaka kumi na mitano.
Nami nahesabu: mama akija kutoka Mvumi
na furushi lake la majani ya mlenda,
atayaanika wapi?

"Paa lipo?"
Chedego anatazama viatu vyake.
"Paa la wote, mama. Lina kufuli."
"Ufunguo anao nani?"

Inaelekea hajawahi kuulizwa.
Anapiga simu mbili. Tunapanda.
Zege tupu, vumbi jekundu pembeni,
ndoo ya rangi iliyosahauliwa na mafundi.
Navua kiatu kimoja, nakanyaga,
nauondoa mguu upesi.

Lubeleje ananiuliza kwa macho: na yale maji?
Yale? Yana chumvi tayari.
Tutapikia mlenda.