Mistari ya Reki

Langoni nililipa dola tatu. Ntandu aliingia bure,
bado hajaifikia alama ya rangi pale nguzoni.
Nikamuuliza mama wa tiketi, njia ya mkato ni ipi?
Maana nilitoka zamu saa moja asubuhi,
usiku kucha nikifua mashuka ya hospitali,
na usingizi ulinikwaruza machoni.
Akacheka. Huku, alisema, hatukuiweka.

Kweli. Njia inakuonyesha bwawa
kisha inalificha nyuma ya misonobari.
Inakupa nusu ya taa ya mawe,
nusu inakunyima.
Daraja nalo limepinda kiwiko baada ya kiwiko
kama mtu anayemkwepa mdai wake mnadani.
Samaki wekundu wakatujia midomo wazi:
tumbo halijui Japani wala Missouri.

Halafu, ukishapita mianzi, uwanja.
Changarawe nyeupe, mawe matatu, basi.
Kibao kinasema hii ni bahari.
Mimi mtu wa Singida, bahari sikukua nayo.
Nilichokiona ni ua wetu alfajiri,
mama ameinama, mkono mmoja kiunoni,
fagio la vijiti, chwaa, chwaa,
mistari ikifuatana hadi mlangoni,
nasi ndani tukijua
wa kwanza kuikanyaga atatajwa kwa jina lake lote.

Bwana mmoja wa kujitolea, Dwight,
mwenye kifaa cha kusikilizia, alikuwa akivuta reki ya mbao.
Nikamwomba. Akanipa
kama mtu anayempakata mgeni mtoto mchanga.
Nikainama nilivyozoea; mpini ukanigonga bega.
"Simama wima," akasema, "hiyo ni ndefu makusudi."
Nikavuta kipande kidogo, mistari ikayumba kidogo.

Ntandu akaruka kamba. Puu, katikati.
"Samahani, baba," kwa Kiingereza chake cha puani,
na nyuma yake nyayo nne, tano,
kisigino cha kulia kimezama zaidi.
Dwight akanyoosha mkono achukue reki, afute.
Sikuiachia mara moja.

Siku niliyosafiri, mama hakufagia ua.
Aliniambia baadaye kwa simu, kati ya habari za kuku
na bei ya alizeti: nyayo zako zilikaa siku tatu,
kutoka mlangoni mpaka kwenye michongoma.
Ya nne ikanyesha.